Kidole Tulichokuachia

Bugembe, Jinja
9 Machi 2024

Wifi yangu mpendwa Milly,

Salamu nyingi zikufikie huko Busiu, wewe na wote wanaoamka pamoja nawe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba Mzee, baba yako, bado ana nguvu za kusimama mlangoni asubuhi na kuukagua uwanja wake kama gwaride. Goti lake linaendeleaje? Sijasahau alivyoniambia kwamba askari hustaafu lakini goti lake hubaki kazini. Mwambie binti wa Bugembe bado anamwita Afande. Huku mvua za kwanza zimeanza kunyesha, na maharage yale uliyonifundisha kupanda nyuma ya jiko yameota kwa mistari iliyopinda, kwa kuwa mpandaji ni mimi. Mwili wangu ni mzima. Kuhusu mengine utajionea mwenyewe kadiri unavyosoma.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokutana nayo. Wewe uliipata kambini kwa baba yako, mimi nyumbani kwetu kando ya Kinubi, lugha ya wazee wetu, na jikoni kwa Mama hatukuwa na nyingine ya kuchekea pamoja. Na nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa nakujua: ungesikia sauti yangu ikikwama, ukanionea huruma, ukanisaidia kubadilisha mazungumzo.

Habari ya kwanza ni ya msiba. Mama alifariki mwezi Januari, baada ya kiharusi kilichomlaza siku tisa. Hatukukuarifu. Kaka yangu Faruk alisema hana uso wa kukuarifu. Mimi nilisema sina namba yako, nayo haikuwa kweli. Najua ungekuja. Nadhani hilo ndilo tuliloliogopa.

Habari ya pili ni kwamba nimeonana na dada yako Racheal. Nilikuwa Mbale kwa mafunzo ya siku tatu juu ya kupima damu za watoto wachanga, na siku ya mwisho nikapita sokoni Nakaloke kununua nyanya. Nikasikia muuzaji akiwaambia wenzake kwamba mwanamke wa Jinja humtambua kwa mikono, hubonyeza nyanya kama anayepima homa. Nilipoinua uso, alikuwa Racheal, na kicheko chake kilikatika. Hata hivyo alinipa kigoda, akampangusia mtoto wake uso, akasema kwamba kwa kuwa nimekuja na miguu yangu, basi nisikie.

Alinieleza kwamba Mwalimu Wamimbi, yule aliyefiwa na mkewe, amekuja kwa Mzee mara tatu kukuposa, na mara ya tatu alikuja na wazee wake. Na kwamba wewe ulimjibu kuwa unamheshimu mno, huwezi kumpa makaburi ya kuchimba. Alinieleza pia kwamba mtoto wake, ambaye sasa ana miezi mitano, hujawahi kumpakata hata siku moja. Ukiletewa, unaweka mikono nyuma. Unasema damu yako ni ya namna yake, kwamba ya wengine huhitaji mwenzake ili iue, ila yako huua peke yake. Racheal aliniuliza, mimi niliyesomea damu Makerere, kama jambo hilo linawezekana. Nilimwambia nitajibu kwa barua. Akacheka kidogo, akasema wasomi hata ndiyo na hapana huziandikia barua.

Kabla sijajibu, niruhusu nikurudishe kwenye arobaini ya mwanao Ibra. Unajua desturi ya nyumba yetu: mtoto akitimiza siku arobaini, mashangazi hukaa kwenye mkeka na kumgawa. Kila kiungo hutajiwa mwenyewe, na mama mzazi hadai kitu, hupokea anachoachiwa. Paji la uso wakampa babu yetu mkubwa aliyekuja na jeshi kutoka Sudan, ingawa hakuna aliye hai aliyewahi kuliona paji hilo. Masikio yakawa ya marehemu Baba. Sauti aliidai Mama mwenyewe, akisema mtoto hulia kama anayetoa amri. Ulipouliza kwa upole kama Wagisu wa kwenu hawakuleta chochote, shangazi mmoja aliushika mguu wa Ibra, akakitazama kidole kidogo kilichopinda na kukilalia chenzake, akatangaza kwamba hicho ni chenu, mkichukue, sisi hatuna viungo vya kulala kazini. Tulicheka sote, na wewe ukacheka kutuzidi. Kwa miezi mingi nilikuona ukikibusu kidole hicho na kukiita Mgisu wako.

Akiwa na miezi minane mikono na miguu ikamvimba, macho yakawa ya manjano, na daktari akasema ni sikoseli. Mimi ndiye niliyekueleza, kwa nyuzi za ile tabaga, sinia ya ukili ambayo Mama alikuwa akikufundisha kuisuka. Nilikuambia kwamba kila mtu hubeba nyuzi mbili, mmoja wa mama na mmoja wa baba. Mwenye uzi mmoja mweupe na mmoja mwekundu huishi salama, mara nyingi bila kujua. Anayeugua ni yule aliyepokea mwekundu kutoka pande zote mbili. Nikakupima, na ulikuwa na mwekundu mmoja. Nikasema tumsubiri Faruk arudi na lori kutoka Juba.

Alirudi baada ya wiki mbili. Nilimpima, nikaleta nyumbani kadi iliyoandikwa AA, yaani nyuzi zote mbili ni nyeupe. Uliigeuza kadi ile mbele na nyuma. Ukaniuliza basi uzi wa pili wa Ibra umetoka wapi. Nilikujibu kwamba mambo ya damu yana siri nyingi. Katika maneno yote niliyowahi kuyatamka nikiwa nimevaa koti jeupe, hayo ndiyo ninayoyasikia ninapoamka.

Siku hizi nikifundisha wanafunzi huwaeleza kwamba uzi ule mwekundu haukuingia katika nchi hii kama adui. Mtoto mwenye mmoja tu malaria kali humshindwa kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Katika maeneo yetu haya ya maji na mbu, miongoni mwa waliobaki hai na kuzaa, wengi walikuwa wenye huo uzi. Bila huo huenda mimi na wewe tusingezaliwa. Huwaambia hivyo, kisha hujiuliza kama ni maarifa ninayowapa au ni faraja ninayoitafuta. Kwa mama aliyezika, sidhani kama hesabu ya vizazi ina uzito wowote.

Ibra alituacha akiwa na miaka minne, katika mvua za Mei, kwa malaria ile ile, chupa ya damu ikiwa bado njiani. Hilo huhitaji nikukumbushe. Nitakukumbusha lililofuata, kwa sababu sina hakika kama ulielezwa lilikoanzia. Katika siku za matanga, dereva mwenzake na Faruk, ambaye mkewe ni nesi, alimwambia kwamba kama damu yake ni AA basi ahesabu upya: mtoto wa sikoseli hawezi kuwa wa baba wa namna hiyo. Hakusema kwa ubaya. Na kwa mujibu wa kadi ile alikuwa sahihi. Faruk aliingia ndani, hakula, na kesho yake mashangazi wale wale waliomgawa Ibra wakawa wanaulizana kwa sauti ya kusikika mtoto huyu aliokotwa wapi. Lile paji la uso likawa si la babu tena. Masikio yakanyang'anywa.

Ulipewa talaka siku ya Jumatano. Uliondoka na beseni moja na tabaga mbili, na mlangoni ulimgeukia Mama, ukamwita Habuba wa Ibra kama Ibra alivyokuwa akimwita bibi yake, ukamwambia kwamba yeye anajua. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama nikishikilia pazia. Nilidhani unamaanisha kwamba anaijua tabia yako.

Sasa nijibu swali la Racheal. Haiwezekani, Milly. Damu yako haiui peke yake. Sayansi yetu haipendi neno kamwe, nami silipendi, lakini hapa ninalikaribia kadiri ninavyoweza. Kadi ya Faruk ilikuwa ya uongo, na mwandishi wake ni mimi.

Jibu la kweli lilikuwa AS, uzi mweupe na mwekundu, sawa na lako. Nilimpima baada ya saa za kazi, bila kumwandika kwenye daftari. Mama alikuja maabara kabla sijatoka, akakaa kwenye benchi la wagonjwa na buibui lake jeusi, akaniuliza. Nilipomwambia, aliniomba kwa jina la maziwa yake. Alisema watu wa Bugembe wakijua nyumba yetu ina sikoseli hakuna atakayebisha hodi kuposa. Milly ameshaonekana anayo, alisema. Mzigo ulioko kichwani pa mtu hauongezeki uzito akiachwa nao peke yake.

Ningependa kukuambia kwamba nilifanya kwa ajili ya Mama. Kwa miaka mingi nilijiambia hivyo. Lakini mwezi ule kulikuwa na watu wa Iganga waliokuwa wameleta posa yangu, na ile herufi ya pili niliiandika kwa mwandiko mzuri. Posa yenyewe ilivunjika baadaye kwa sababu ya kiwanja. Nami nimejipima: nina uzi mwekundu, kama kaka yangu.

Nilidhani ninaficha nusu tu ya jambo. Nilisahau, mimi mwenye shahada, kwamba nusu ya pili ikifichwa ya kwanza haikai ilivyo. Nilipomfanya Faruk kuwa AA, nilikufanya wewe kuwa mzinzi, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuifanya. Watu wakaamini hilo. Wewe peke yako ndiye uliyejua kwamba hukutoka nje ya ndoa, na kwa kuwa ulimwamini wifi yako hukuishuku karatasi yake. Mtu mwaminifu anayeamini karatasi ya uongo hubakiwa na njia moja tu: kujishuku mwenyewe. Ukahitimisha kwamba damu yako ni mbaya kuliko damu za watu. Hitimisho lako lilikuwa na mantiki nzuri kuliko yangu. Kilichokuwa kibovu ni kile nilichokukabidhi.

Mama alipokufa, mimi na shangazi mmoja ndio tuliomuosha. Tulianza juu, tukashuka. Unajua hakuacha soksi hata siku za joto. Shangazi alipoivua ya kulia, sote wawili tuliinamia mguu. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda, kimelala juu ya chenzake. Sikuwa mgeni wa mguu ule. Lazima niliuona utotoni mara elfu, sikuwahi kuutazama. Shangazi alimwagia maji, akasema taratibu kwamba siku ya arobaini ya Ibra Mama aliingiza miguu yake chini ya mkeka.

Kidole si ushahidi. Vidole vilivyopinda viko vingi duniani, na hata wataalamu hawakubaliani jinsi vinavyorithiwa. Sitaki kujenga hukumu juu ya mguu wa marehemu asiyeweza kujieleza. Lakini nadhani wewe ulikiona, ulipokuwa ukimkanda miguu kila Ijumaa, na nadhani ndilo ulilomaanisha mlangoni. Kama nimekosea, nisamehe hilo pia.

Alhamisi iliyopita nilimwambia Faruk. Aliniuliza mara moja tu kama nina hakika. Kisha akatoka, akapanda kwenye lori lililosimama, akakaa nyuma ya usukani bila kuliwasha mpaka adhana ya magharibi. Tangu hapo hajasema nami. Aliniachia ujumbe kupitia jirani, kwamba anataka kuja Busiu. Nimemjibu kwamba njia ya Busiu ni yako kuifungua au kuifunga, si yake wala yangu. Mashangazi nimewaita Jumapili, nitawasomea kadi ya kweli kabla sijaifunga bahasha hii.

Katika bahasha hii zimo karatasi mbili: kadi ile ya kweli, niliyoificha ndani ya kitabu changu cha chuo, na barua niliyoiandika kwa Mzee wako, yenye sahihi yangu na mhuri, inayosema nilichofanya. Unaweza kuipeleka kwa mkuu wangu wa kazi. Sitakulaumu. Mwalimu Wamimbi na apimwe, lakini asipimwe na mimi. Akiwa na nyuzi nyeupe mbili, hakuna mtoto wenu atakayeugua. Baadhi watabeba mmoja, kama wewe, kama mimi. Akiwa na mwekundu, kila mimba itakuwa na hatari yake ya moja kwa nne, nanyi mtaamua macho yenu yakiwa wazi. Hiyo ndiyo haki niliyokunyima: kuamua ukiwa na habari zote.

Tulikupa ugonjwa wote, na nusu yake ilikuwa yetu. Tulikuachia kidole kimoja kwa mzaha, na hata hicho, nadhani, kilikuwa cha kwetu. Sijui nikurudishie nini. Jioni Racheal akirudi kutoka sokoni, mpokee mtoto. Mikono yako haikuwa na kosa.

Mpe Mzee heshima zangu, kama atazipokea. Wasalimie wa nyumbani wote kwa majina yao. Usijilazimishe kujibu, kimya chako pia nitakisoma.

Ni mimi, wifi yako, kama jina hilo bado unaniruhusu,
Ramlah