Nilisaini Bahasha ya Kura ya Mume Wangu, na Moyo Nikachora

Mpendwa Mshauri wa Jumamosi,

Leo Alhamisi saa tatu asubuhi Tamsin wa ofisi ya uchaguzi ya kaunti amepiga simu nyumbani kumtafuta mume wangu, nikapokea mimi, akaniambia kwamba bahasha ya kura ya mume wangu imewekwa kando na haitafunguliwa mpaka athibitishe sahihi yake, kwa sababu pale inapotakiwa sahihi yake pameandikwa "Kwa upendo, Nadine na Lyle," na pembeni pamechorwa moyo. Mwandiko ni wangu. Hata moyo ni wangu. Naomba unisaidie, maana nimecheka mpaka nikakaa chini jikoni, na nilipomaliza kucheka ndipo nikaona nilipojiingiza.

Majina yetu nimeyabadilisha. Lyle, tumwite hivyo, alisambaza barua miaka thelathini na minne, akastaafu mwaka juzi, na kwake yeye kitu ambacho hakikupita posta bado hakijafika, kwa hiyo kura yake huituma kwa bahasha. Mimi ni karani wa kituo cha kupigia kura pale ukumbi wa zimamoto, kila uchaguzi ndiye ninayekagua namba za lakiri kwenye mashine zote sita na kutoa ule ukanda wa sifuri unaoonyesha kwamba ndani hakuna kura hata moja kabla ya milango kufunguliwa, na kura yangu huipa mashine. Sasa wewe fikiria nyumba yetu ilivyo. Tunabishana tukiosha vyombo, tunabishana kwenye pikapu, na kila Ijumaa tunabishana mgahawani kwa Arrambide kwenye ile meza ndefu, supu haijafika watu wameshagawanyika, wa dirishani mashine, wa upande wa baa bahasha, na anayepitisha maharage hupitisha kwa watu wake kwanza. Lyle ananiuliza mbele ya watu wote, "Bibie, hiyo mashine yako ikipata mafua, nani anaijua?" Namjibu, "Na hiyo bahasha yako, mzee, ikishalala siku tatu gizani kwenye gunia, unajua imelala na nani?" Meza inapiga makofi, tunakula kondoo, tunarudi nyumbani tumefurahi, na hivyo ndivyo tumeishi miaka ishirini.

Sasa kosa lenyewe. Binti yetu aliolewa Septemba, na mimi nilikuwa nimechelewa kutuma kadi za shukrani, zilikuwa mia moja na kumi na mbili, nikazitandaza zote kwenye meza ya jikoni nikasema siinuki mpaka ziishe, naandika "Kwa upendo, Nadine na Lyle," nachora moyo, nasukuma, nachukua nyingine, kufikia kadi ya themanini mkono ulikuwa unaenda wenyewe. Lyle alikuwa upande wa pili wa meza, ameshajaza karatasi yake ya kura, ameshaitia kwenye bahasha na kuifunga, akaiweka mezani ili atafute miwani aje asaini, na hapo ndipo jirani alipogonga kusema farasi wetu yuko barabarani. Akatoka. Mimi nikaendelea kusukuma. Aliporudi na tope mpaka magotini, bila miwani, aliona wino kwenye mstari akadhani ameshasaini, akachukua kadi zote pamoja na bahasha, akazipeleka posta mwenyewe na kuzikabidhi kaunta kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

Halafu usiku wa matokeo akasimama kwa Arrambide, akagonga glasi kwa uma, akatangaza, "Bahasha yangu imepita mikono saba, na hakuna hata mmoja ulioigusa vibaya." Nami nilipiga makofi kama wengine, sikujua kwamba mkono wa kwanza ulikuwa wangu.

Shida yangu ni hii. Nikimwambia, atashinda ubishi wa miaka ishirini kwa siku moja, maana kosa limeonekana, bahasha imezuiliwa, mfumo wake umefanya kazi, na aliyeuchezea ni karani wa mashine. Nikinyamaza mpaka muda wa kurekebisha uishe, kura yake inakufa kimyakimya, na mwezi ujao nitaweza kusema mezani kwamba posta imeimeza, na Mungu anisamehe, kwa dakika kama tano hivi nimeona raha kuliwaza hilo. Lakini Lyle ameipigania hoja ya kulijengea paa bwawa la kuogelea miaka sita, amegonga milango, amekaa kwenye baridi na bango, safari hii hatimaye imepigiwa kura, na kwenye hesabu ya jana jioni bwawa lilikuwa nyuma kwa kura mbili.

Kuna njia ya tatu, naandika nikiona haya. Fomu ya kuthibitisha sahihi imetumwa kwenye barua pepe yetu ya nyumbani, ambayo Lyle hajawahi kuifungua. Sahihi yake naijua kuliko yeye, nimeiweka kwenye fomu za shule na vibali vya uvuvi tangu watoto wakiwa wadogo. Nikisaini nikairudisha, kura yake itahesabiwa, yeye hatajua, mimi sitashindwa, bwawa litapata kura yake. Nani ataumia? Niambie nifanye lipi.

Mwenye Moyo, Kaunti ya Sorrel

*

Mwenye Moyo,

Weka kalamu chini, kisha endelea kusoma.

Njia ya tatu si njia, ni jinai. Umeuliza nani ataumia. Ataumia Lyle, ambaye kura yake itakuwa imethibitishwa na mtu asiye yeye, na utaumia wewe, uliyekula kiapo pale ukumbi wa zimamoto. Ulichofanya kwenye meza ya jikoni ni uzembe, na mtu mwenye kadi mia moja na kumi na mbili anaweza kusamehewa. Ukisaini fomu hiyo, utakuwa umefanya ukiwa macho, umekaa, na miwani umevaa. Vibali vya uvuvi sitavizungumzia.

Nimecheka, nakubali. Chumba kizima cha habari kimecheka. Sasa tuongee.

Hizo dakika tano za raha, mwanamke mwenzangu, ndizo zilizonikera kuliko moyo uliouchora. Ulikuwa tayari kuitupa kura ya mtu ili upate la kusema kwenye supu. Halafu hilo ambalo ungelisema lingekuwa uongo. Posta haikuimeza bahasha ya Lyle. Ilifika, na ilifika mapema. Iliharibikia kwenu, kati ya kadi na bakuli la sukari.

Kwa kuwa mmebishana miaka ishirini, chukua haya uyapeleke mezani. Mashine zako hazijaunganishwa na mtandao, lakiri zake zina namba, na kila kura huandikwa kwenye ukanda wa karatasi nyuma ya kioo, ambao baada ya uchaguzi baadhi yake hulinganishwa na hesabu ya mashine. Huo ni ulinzi mzuri, lakini unamtegemea mpiga kura ausome ukanda kabla ya kubonyeza mara ya mwisho. Je, Jumanne ulipopiga kura uliusoma wote mpaka chini? Nilijua hukuusoma. Bahasha ya Lyle ina msimbo wake, inafuatiliwa njia nzima, na sahihi hulinganishwa na zilizopo ofisini. Huo nao ni ulinzi mzuri, ila hauanzi mpaka bahasha itoke nyumbani, na nyumbani hakuna wakala wala msimamizi, kuna wewe. Kila upande una mahali ambapo usalama wake unamtegemea mtu mmoja aliyechoka. Safari hii aliyechoka alikuwa wewe, na Tamsin alikuwa macho. Kwa hiyo Lyle ameshinda raundi hii. Mpe ushindi wake. Watakucheka kwa Arrambide mpaka Krismasi, na utapitishiwa maharage ya mwisho. Utapona.

Umesema majina umeyabadilisha. Wasambaza barua waliostaafu mwaka juzi katika kaunti hii ni mmoja. Ndiyo maana jana Ijumaa adhuhuri nilikupigia simu nikakupa nafasi ya kuiondoa barua hii. Ukaniambia, "Chapisha tu, nitakuwa nimeshamwambia." Gazeti hufika barazani kwenu kabla ya saa moja asubuhi. Kama wewe ndiye uliyeliokota, na yeye bado hajajua, mwamshe sasa hivi.

Usianze na historia ya mashine. Anza na simu ya Tamsin, kisha kadi, kisha moyo, kisha unyamaze umwache acheke au akasirike, vyovyote atakavyopenda. Fomu iliyo kwenye barua pepe mwonyeshe, usiijaze hata jina. Tamsin naye mwambie kwa mdomo wako kwamba aliyesaini bahasha ni wewe, kwa bahati mbaya, na kama atataka maelezo hayo kwa maandishi, andika, na uweke sahihi yako mwenyewe, bila mapambo.

Kwa taarifa ya Karani wa Kaunti ya jana jioni, bwawa liko nyuma kwa kura moja, na bahasha kumi na tisa zinangoja wenyewe waje kuthibitisha sahihi. Jengo la kaunti, ghorofa ya pili, dirisha la tatu, linafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na baada ya hapo hapokelewi mtu. Lyle aende na kitambulisho na miwani. Wewe mwendeshe mpaka mlangoni, halafu ubaki kwenye pikapu.