Aliyeanguka Huinuliwa

Arlington, Virginia
Novemba, siku ya mvua

Kwa mdogo wangu Noreen,

Pokea salamu zangu, umgawie na mumeo Phil, na watoto wasisahauliwe. Natumaini kile kikohozi kimekuacha na jua la Tucson limekurudishia rangi. Huku kwetu ni mvua juu ya mvua. Mimi mzima, ila masikio. Daktari alinipigia kelele kwamba miaka yote ile ya kupiga dramu sasa inanidai. Nikamwambia apunguze sauti, la kulia bado linasikia.

Najua unachongoja ni habari ya nyumba ya Mama. Umepiga simu, sikupokea. Umeniletea karatasi za mnunuzi, sijatia sahihi. Nimeona heri nikuandikie, maana kwenye simu utanikatiza, nami nitakasirika, na mwisho tutagombana bure. Nivumilie kidogo.

Juzi nilishuka kusafisha chumba cha chini. Yale mazulia tuliyoyapigilia ukutani enzi za bendi ili majirani wapate kupumua bado yapo, na bado yananuka jasho letu. Nilikaa juu ya mashine ya kufulia nikamkumbuka Mama akishuka na kapu lake la nguo katikati ya wimbo, naye Lyle, mwimbaji wetu, amekumbatia maiki, mishipa ya shingo imemtoka. Mama alimwuliza, "Mwanangu, huo ni wimbo au umebanwa na mlango?" Lyle akamwomba radhi kwa adabu zote, akamsaidia kuanika shuka, kisha akarudi kupiga mayowe.

Siku hizi vijana hunisimamisha dukani wakitaka kujua mambo ya panki wa zamani, sisi wa muziki wa makelele. Wanadhani ilikuwa vita. Nawaambia tulikuwa watoto wenye baridi na njaa, tukibeba maspika mazito kutoka ukumbi mmoja wenye panya hadi mwingine. Kati yetu wanne, Stu tulimzika mapema. Hank yuko Florida anauza bima, naye ni kama tumemzika. Inaniuma kuwa waliobaki wa kukumbuka nao ni wachache hivi.

Hatukuwa na sheria nyingi, lakini hii tuliishika: pale mbele ya jukwaa watu wanapogongana na kurukiana, akianguka mtu anainuliwa. Hata kama ni yeye aliyekupiga kiwiko cha pua, unamwinua kwanza, mengine baadaye. Wewe huhitaji kuambiwa. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, umechorwa msalaba mweusi mkononi pale mlangoni usije ukauziwa bia, ukateleza chini ya miguu ya watu na hakuna aliyekuona. Lyle alitupa maiki akajitosa. Alipoibuka, wewe ulikuwa begani kwake, na mkono wake wa kushoto umepinda upande usiopaswa. Akakwambia, "Dada, umepoteza kiatu." Kisha akapanda jukwaani akamaliza nyimbo zote. Kiwiko kile hakikunyooka tena.

Sasa nikwambie nililokuficha. Mwezi wa Septemba nilikuwa nikigawa supu kanisani, kama kawaida yangu ya Alhamisi. Mtu mmoja akanyoosha bakuli. Uso sikuutambua, ulikuwa umekwisha. Nilitambua kiwiko. Alikuwa akilala ndani ya gari lake, ana saratani ya koo, na ile sauti yake yote imebaki mnong'ono. Aliponijua alininong'oneza, "Bado unakimbiza mdundo, mzee?" Nilimwaga supu, Noreen. Nililia mbele ya watu.

Lyle yuko hapa, nyumbani kwa Mama. Analala chumbani kwako tangu siku ile. Mnong'ono wake siusikii, kwa hiyo nimempa kijiti changu cha dramu. Akinihitaji hugonga ukuta mara nne, kama nilivyokuwa nikianzisha nyimbo, nami naenda. Muuguzi anayekuja kumwangalia anasema Pasaka haitamkuta. Mwenyewe alinikataza nisikwambie. Alisema nyumba ina wenyewe, tena wewe ulimjua akiwa na sauti, akubakie hivyo hivyo.

Sikatai kuuza. Akishatuaga, nitatia sahihi siku hiyohiyo wala hutasikia neno kwangu. Lakini leo siwezi kumtoa. Kama mnunuzi hawezi kungoja, aende, na hasira zako nitazibeba.

Jana alinigongea. Niliinama nikamtegea sikio langu la kulia. Alitaka kujua kama siku ile kiatu chako kilipatikana. Simu iko karibu na kitanda chake, na yeye masikio yake ni mazima. Mjibu wewe.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na Phil mwambie namkumbuka. Jifunike vizuri usiku, kikohozi kisirudi.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Garrett