Mfungueni Upendo Mkono

Buganguzi, Muleba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, goti limepoa, na baridi ya huko Njombe haikuzuii kwenda shambani. Bibi naye anaendeleaje na macho yake? Mimi mwili hauna neno. Mvua imetunyeshea vizuri, kahawa inaiva, na majirani hawaachi kuniletea ndizi utadhani nina familia ya watu kumi.

Lakini moyo una hasira, Mama, na sitaificha kwa salamu nyingi. Jumapili ulinipigia simu kwa furaha kuniambia mmeanza kumfunga mwanangu Upendo mkono wa kushoto kwa kitambaa wakati wa kula, ili akianza shule awe ameshanyooka. Nikakuomba mumfungue. Ukacheka, ukasema hata mimi nilifungwa na leo ni mwalimu. Kisha simu ikakatika, au uliikata. Ndiyo maana naandika, kwa sababu karatasi huwezi kuikata nikiwa katikati ya neno.

Unajua nilinunua gitaa. Uliniuliza mwanamke wa umri wangu anatafuta nini kwenye nyuzi, na sikukujibu, maana jibu ni jepesi mno: napenda. Jioni nikishasahihisha madaftari ya watoto nataka kufanya kitu ambacho hakuna anayekipa alama. Anayenifundisha ni Kamugisha, mwalimu wa kwaya yetu, mtu mwema tu. Alinishikisha gitaa kama wanavyoshika wengine wote, kushoto kubonyeza, kulia kupiga. Miezi ikapita. Vidole vikaota sugu na wimbo hauji. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unapiga kama mtu anayefukuza kuku. Kamugisha akasema nimechelewa, masikio ya mtu mzima yameshakuwa magumu. Nikamwamini, nikaingia chumbani nikalia.

Siku moja nikaligeuza gitaa bila hata kufikiri, mkono wa kushoto ukapiga. Mama, ulipiga! Nyuzi zilikuwa juu chini na sauti ilikuwa vurugu tupu, lakini mapigo yalikaa sawasawa, hayakuyumba hata kidogo. Nikapanda gari hadi Bukoba, kwa fundi mmoja wa mtaa wa Bakoba anayeitwa Mzee Seif. Akazipanga nyuzi upya kwa kuzigeuza, akachonga kipande cha pembe ya ng'ombe na kukipachika kule juu shingoni ili zipite bila kukwama. Hakuniuliza kwa nini. Haukupita muda nikawa napiga wimbo mzima, wa kwanza maishani mwangu.

Huo ndio nilioandaa kwa ajili ya ibada ya mavuno Jumapili hiyo hiyo. Jumamosi baada ya mazoezi tuliacha vyombo kanisani. Asubuhi watu wamejaa, mikungu ya ndizi imepangwa hadi kwenye ngazi za madhabahu, nikasimama, nikapiga, zikatoka kelele. Nikaangalia nyuzi. Zilikuwa zimerudishwa kama za watu wote, na kile kipande cha pembe kimeng'olewa. Nilibaki nimesimama pale, wanafunzi wangu wananitazama. Kwaya ikaimba bila gitaa.

Nikamfuata Kamugisha nje ya kanisa.

“Nani kagusa gitaa langu?”

“Ni mimi, mwalimu waitu,” akajibu kwa heshima ile ya Kihaya, tena anatabasamu. “Nimekusaidia. Hivi kweli ungempigia Mungu kwa kushoto, mbele ya wazee?”

“Mungu ndiye aliyenipa huo mkono.”

“Lakini watu wangesemaje? Wa kulia utauzoea tu, polepole. Sisi tunataka unyooke.”

“Nimepinda wapi, Kamugisha? Nionyeshe.”

Akageuka, akaanza kusalimia watu.

Nafika nyumbani, simu inaita, na wewe unanipa habari za Upendo kwa neno lile lile alilotumia Kamugisha.

Mama, marehemu Baba hakuwa mkatili, najua. Mlitaka nisichekwe. Lakini nakumbuka uji ukinimwagikia kifuani na mimi nikiambiwa ndiyo basi, hakuna kuongezwa. Nakumbuka rula ya mwalimu wa darasa la kwanza juu ya vidole vyangu. Mlichonifundisha ni kuuonea haya mwili wangu mwenyewe, na haya hizo nimezibeba hadi nikakubali kwamba muziki si kitu changu. Nimeudhika, tena sana. Yangu yamepita, lakini ya Upendo nakataa kabisa.

Nilimwacha kwako kwa sababu hakuna ninayemwamini kukuzidi. Mfungueni. Amege ugali kwa mkono autakao. Wageni wakikunja uso, waambie mama yake ndivyo alivyosema. Msipomfungua, shule ikifungwa nakuja kumchukua, naye ataanza darasa la kwanza hapa Buganguzi, mbele ya macho yangu. Sitanii.

Gitaa nimelirudisha kwa Mzee Seif, anachonga kipande kingine.

Nisalimie Bibi, na kaka Ezekia anayekulimia viazi, na shangazi wa sokoni. Wifi, mke wa kaka, ambaye najua ndiye mwenye kile kitambaa, mwambie nampenda, ila akitumie kufutia vyombo. Upendo mbusu kwenye viganja vyote viwili.

Na ukiona mwandiko huu umelala ovyo kama wa mtoto anayeanza shule, usidhani naumwa. Barua yote nimeiandika kwa kushoto, mara ya kwanza tangu mlipoufunga. Nimehangaika nao sana, lakini safari hii hakuna aliyenizuia.

Mwanao,
Tumaini