Mume Wangu Daktari Anawakwepa Wagonjwa Wake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimefika mahali sijui tena nilie au ninyamaze. Mi ni mke wa daktari, tunakaa Musinzira hapa Gitega, na bwana wangu Houssein alisomea nje udaktari wa kurudishia watu nguvu za viungo, mtu aliyepooza au kuvunjika mgongo anamfundisha upya kusimama, kula kwa mkono wake, kwenda chooni bila kubebwa, na aliporudi tulifurahi tukijua kazi nzuri zitamfuata, kumbe wapi. Tulianzia kwetu Muyinga, hospitali ikamlipa kama daktari yeyote na kumpa chumba chenye kitanda tu, akahamia hospitali ya hapa Gitega, nako ikawa vilevile, akazunguka hadi Bujumbura kutafuta kazi yenye mshahara wa maana, na kila anapofika anaambiwa, "Docteur, sisi tunatafuta wa kupasua, wa kukanda watu tunao," na mimi jioni namchoma, namwambia wenzako wamejenga sisi bado tunapanga, mpaka akakubali kazi kwa Bahadurali, mfanyabiashara anayeagiza dawa, sasa anazunguka na gari kuyashawishi maduka yanunue.

Mshahara ni mzuri kweli, watoto wamehamia shule ya Mushasha, lakini mume wangu amezimika. Akirudi anakaa na viatu miguuni mpaka nimwambie avue. Wagonjwa wake wa zamani bado wanakuja, na ameniagiza niseme hayupo. Juzi alikuja mama mmoja wa Itaba, Salama, amembeba mgongoni binti yake mtu mzima aliyeanguka kwenye mparachichi, miguu inaning'inia tu.

"Muganga iko?"

"Hayuko, mama. Amesafiri."

"Atarudi lini? Alisema huyu atasimama."

Nikamwambia sijui. Houssein alikuwa chumbani, anasikia kila neno. Mama alipoondoka nikamkuta ameegemea ukuta, nikamwuliza kwa nini hakutoka, akasema, "Nikimshika leo, kesho nitamwacha tena. We unataka nimwache mara ngapi?" Tangu siku hiyo analala chumba cha watoto. Mshauri, nimwambie aache kazi turudi kwenye shida, au ninyamaze nimwangalie anavyoisha?

Kulthumu, Gitega

Kulthumu dada yangu, pole. Nimeisoma barua yako nikakuonea huruma, halafu nikakukasirikia. Unaniuliza umwambie nini. Umeshamwambia ya kutosha! Je, umewahi kumwuliza anataka nini? Kutaka mshahara mzuri si dhambi, watoto hawali sifa. Kosa ni kumchoma mtu kila jioni kwa jambo ambalo hospitali zenyewe zilimnyima.

Sasa sikiliza. Uongo wa mlangoni uishe leo. Yule mama anamsubiri bwana arudi kutoka safari isiyokuwepo, na binti yake anazidi kukakamaa. Nenda Itaba mwenyewe, mweleze kwamba bwana ameacha kazi ile, umwelekeze kwa wanaofundisha mazoezi hospitalini. Atakulaumu. Vumilia.

Kisha kaa na Houssein, watoto wakiwa kwa bibi yao Muyinga. Mwulize kama angependa kumwomba Bahadurali siku moja kila wiki ya kutibu, hata mshahara ukipungua, na akisema ndiyo usigune. Aandikie pia mashirika ya walemavu na hospitali kubwa za nchi jirani, aombe kwa utaalamu wake wenyewe, si kama daktari wa kawaida, na asisaini chochote kabla ya kuona kwa maandishi vyumba, vifaa na watu wa kumsaidia. Kazi hizo ni chache, dada. Inawezekana asipate hata moja, na sitakudanganya.

Na kama atakujibu kwamba hataki tena kugusa mgonjwa, mwamini. Usimlilie arudi kuwa yule aliyekuoa. Huenda yule hayupo tena, na huyu aliyebaki anahitaji mtu wa kukaa naye bila kumdai kitu.