Kiapo Nilichokulisha

Mama mdogo Nabintu,

Jumapili iliyopita mdogo wangu Deo alikuja kuniona, na alipoondoka nilimwomba binti yangu Solange afungue madirisha yote ingawa nje kulikuwa na baridi. Deo hakuwa ananuka. Alivaa suti safi na manukato mazuri. Lakini kinyaa kilinishika mpaka kwenye meno, na kinyaa hicho nakijua. Ndicho kile cha siku ile uani kwa baba, mlimani kwetu Kivu, nilipokuambia unyanyue mkono wa kulia.

Ulikufa kabla sijakuambia neno lolote juu ya siku ile. Sasa daktari wa hapa Brussels amenieleza kwa upole kwamba moyo wangu umechoka, na nikimuuliza Solange alichoambiwa zaidi, anageukia ukuta. Basi nakuandikia wewe. Na ukoo ukitaka kusoma, usome.

Baba alipokuoa, mama yangu alikuwa amekwisha kufa, nami nilikuwa kijana wa seminari niliyekuzidi umri kidogo tu. Nilikataa kukuita mama. Nikakuita mke wa baba, mbele za watu, kwa makusudi. Ulicheka. "Niite vile unataka," ulisema, "lakini chakula utakula." Nikala. Kila likizo nilikuta umenifichia ndizi mbivu chini ya kitanda, zimefunikwa majani makavu, na mimi nilizila bila hata kusema asante, kwa kuwa niliona ni haki ya mtoto wa kwanza.

Unakumbuka ule mteremko wa mawe nyuma ya nyumba? Hakuna aliyeutaka. Baba alikuonyesha akasema lima hapo kama utaweza. Ulibeba mawe kwa kikapu mgongoni, kamba ikikukata kipaji cha uso, na mimba ya binti yako Furaha tumboni. Likizo moja nilikuta miche. Likizo nyingine nilikuta kivuli, nikaingia humo na kitabu changu. Ulisimama na jembe begani ukaniuliza, "Hiyo kitabu inasema nini?"

"Inaeleza wafalme wa Ulaya."

"Na bibi zabo? Inasema nini juu yabo?"

Nilifunua kurasa, nisione mke wa mfalme hata mmoja. Nadhani swali lako ndilo lililonileta huku mara ya kwanza. Nilipopata nafasi ya kusoma Ubelgiji, sikuchagua wafalme. Nilichagua wakulima wa Brabant wa karne ya kumi na nane, na jinsi walivyogawana mali ya marehemu. Miaka mizima nilikaa kwenye nyaraka zao. Mkulima akifa, karani alikuja na kalamu, akapita chumba kwa chumba: sufuria, ng'ombe, shuka, kabichi zilizo bado ardhini, hata samadi nyuma ya zizi. Kisha mjane alinyanyua mkono akaapa mbele ya Mungu kwamba hakuficha kitu. Kulikuwa na mjane mmoja aliyeachiwa haki ya kukaa karibu na moto tu, na watoto wa mumewe wakagombana juu ya kuni za moto huo. Niliandika juu yake kwa hasira kiasi kwamba maprofesa walinisifu. Nilimhurumia mwanamke aliyekufa miaka mia mbili iliyopita, ambaye hakunipa hata ndizi moja.

Kisha baba akafa. Nilikuwa mwalimu Bukavu wakati huo. Ukoo uligombana matanga hayajaisha, ndipo baba zetu wadogo wakasema, "Tunagombana nini, na siye tuko na musomi?" Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema boma libaki kama lilivyo mpaka matanga yaishe. Badala yake nilivaa shati jeupe, nikaagiza meza itolewe uani. Nilitaka waone nilichosomea.

Kabla ya siku ile hakuna aliyewahi kuuliza mchi wa nyumbani ni wa nani. Ulikuwa wa kutwangia. Nami nikapita nyumba kwa nyumba nikiuliza, "Hiki cha nani? Na hiki?" na kila nilipouliza, watu waliotumia kitu kimoja miaka yote walianza kutazamana. Kufikia mchana watu wazima walikuwa wanavutana shuka ambayo baba alifia juu yake. Ilikuwa na madoa bado. Niliishika kwa ncha za vidole, nikaiandika kwenye orodha.

Ndipo nikakuita. Ulikuwa umenyolewa kichwa kwa ajili ya msiba, na Furaha amekushika nguo. Kwetu hakuna desturi ya kumwapisha mjane kama mwizi. Desturi hiyo niliitoa Brabant mimi mwenyewe, kama mtu anayeleta ugonjwa kwenye sanduku lake. Nikakupa Biblia, nikakuambia unyanyue mkono, Deo amesimama kando ya meza.

"Mbele ya Mungu," uliniuliza, "ama mbele ya Deo?"

Watu walicheka, na hasira yangu ikapanda kwa sababu hawakucheka upande wangu. Ukaapa. Ukafikiri kidogo, ukaingia ndani, ukatoka na kifurushi cha kitambaa. Zilikuwa mbegu za maharage ulizozificha panya wasizile. "Ni hii tu," ulisema. "Nilikuwa nimesahau." Deo alikuwa anakula nyama. Aliingiza mkono wote ndani ya mbegu zako bila kuufuta, na alipoutoa, maharage yalikuwa yameganda kwenye vidole vyenye mafuta. Akayapukuta chini. Mpaka leo siwezi kuona mtu akilamba vidole mezani nisisukume sahani yangu.

Tukafika kwenye migomba, tulikomzika baba. Ulisema bila kupaza sauti, "Baba yenu alinipa mawe. Migomba nilijipa mwenyewe." Kila mtu pale alijua ni kweli. Mimi nilijua kuliko wote, nilikuwa nimezila ndizi zake. Kwetu mtu hanyang'anywi alichopanda kwa mkono wake. Lakini kwa sauti yangu ya darasani nilitangaza kwamba ardhi ni ya marehemu na miti hufuata ardhi, na baba zetu wadogo wakaitikia kwa vichwa kwa heshima, wakidhani ni sheria ya serikali. Shamba likaenda kwa Deo.

Halafu Deo akakutazama, akanigeukia mimi kaka yake mkubwa. "Grand, na huyu tumuandike wapi? Kwa vyombo ama kwa mifugo?"

Nilicheka, mama mdogo.

Hilo ndilo sijamwambia mtu yeyote, si mke wangu alipokuwa hai, si padri. Mengine yote nimejitetea nayo: nilikuwa kijana, ukoo ulinituma, sheria ni sheria. Kicheko hakina utetezi. Hakuna aliyenishika mbavu. Nilicheka kwa kuwa utani ulikuwa mzuri na watu walikuwa wananitazama. Wewe pia ulinitazama. Kisha ukamshika Furaha mkono ukateremka njia ya Bukavu.

Miaka iliyofuata nilikuona sokoni, umekaa nyuma ya chumvi yako. Nilikuwa nabadilisha njia. Siku moja sikuwahi, ukaniita mbele za watu, "Mwalimu! Unapita bila chumvi?" Nikanunua chumvi nyingi kupita kiasi, nikaitupa kabla ya kufika nyumbani. Ulipokufa nilikuwa nimekwisha hamia huku. Furaha aliomba akulaze kwenye migomba. Deo akakataa, wakakuzika misioni. Mimi sikuulizwa, na nilishukuru kutoulizwa.

Deo naye alikuja Ubelgiji, akaliacha shamba likawa pori. Furaha alirudi taratibu, akafyeka, akapanda upya, na sasa ana watoto wakubwa pale. Mwezi uliopita alinitumia kaseti kwa mkono wa msafiri. Solange aliiweka kwenye redio, na sauti iliyotoka ilikuwa yako kabisa.

"Kaka mukubwa, siko naomba kitu. Nakuambia tu vile bazee banasema hapa. Banasema shamba ni ya ule mwenye kuzika pale. Deo anangoja ufe. Akikuleta ulale pembeni ya baba, basi imeisha, mimi na batoto tunatoka. Donc, kama unakuja, ujue unakuja juu yetu."

Ndiyo maana Deo alikuja Jumapili. Alikaa kando ya kitanda akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kama fundi anayekadiria kitambaa. Solange alikuwa amemwekea makemba, ndizi zetu ndefu za kukaanga.

"Grand, usiogope kitu. Tumeshapanga yote. Mukubwa hawezi kulala kwa bazungu. Utalala kwetu, pembeni ya papa."

Aibu nyingine ni hii: kwa dakika nzima nilifurahi. Tangu nifike huku sikuwa nimetaka kitu kingine. Machozi yalinitoka, na Deo akadhani nimekubali.

"Na Furaha?" nikauliza.

"Ah, huyo. Ukishalala pale, bazee batamutoa. Alors, kuko commerçant mumoja anataka kujenga dépôt ya bière."

"Mfanyabiashara atajenga ghala la bia juu yangu?"

"Mais non, grand! Wewe tutakuzungushia ukuta kidogo."

"Tonton," Solange alimwambia baba yake mdogo kutoka jikoni, "papa bado anapumua. Umungoje basi amalize chai."

Deo alicheka, akalamba vidole. Nikaona kwamba hakuwa amebadilika hata kidogo, wala mimi. Nilikuwa nimerudi kwenye orodha, safari hii kama kitu. Nao watanibeba kwa nyimbo na maua, watanishusha pale ulipohamisha mawe, nami nitakufukuza mara ya pili bila hata kufungua mdomo. Nimesoma mengi ya kuchukiza juu ya warithi, lakini huko Brabant sikuwahi kukuta maiti iliyotumwa kwenda kunyang'anya shamba.

Jumanne Solange alinisukuma kwenye kigari hadi makaburi ya hapa Evere. Mlinzi alitueleza utaratibu wao: nafasi ni ya miaka fulani, ikiisha na asipotokea mtu wa kuongeza, mifupa hutolewa na mwingine huingia. Solange alimuuliza mara ya pili, hakuamini. "Papa, hawa wanakodisha hata kaburi!" Akalia pale pale kwenye lango. Mimi pia iliniumiza. Siwezi kukudanganya kwamba nililipokea kwa moyo mweupe. Udongo wao ni mweusi, umelowa, na una harufu ya majani yaliyooza. Nikasema sawa, nitazikwa hapa.

Usiku wa siku hiyo sikungoja kulala, nilirekodi kaseti yangu kwa wazee wa mlima. Nimewaambia siji. Nimewaambia sheria ile ya miti na ardhi haikuwa ya kwetu, niliitoa mfukoni mwangu, na migomba ni ya Nabintu na mwanawe. Nimewaambia pia kwamba nilicheka, maana wengi wao walikuwepo na walinisikia. Solange alikuwa amekaa kando yangu. Alinifuta mate. Deo amepiga simu mara nyingi tangu asikie habari hiyo. "Unatutupa, grand? Batu batasema nini?" Kila mara nakata simu.

Kaseti imeondoka na mama mmoja anayerudi Bukavu. Huenda wazee watasikiliza, huenda watasema mgonjwa amechanganyikiwa. Siwezi kungoja jibu lao, na sistahili kulisikia. Usinisamehe, mama mdogo, angalau si haraka. Kinyaa hiki ni cha haki na nataka kufa nacho.

Nafasi ile kando ya baba iko wazi. Nimemwambia Furaha apande mgomba hapo, wa aina yoyote anayotaka.

Mimi ni yule mtoto wa mume wako, aliyekula ndizi zako bila asante.