Nilimfuta Baba Mkwe Kwenye Picha

Alhamisi. Mvua.

Imeanza kabla hatujaamka na mpaka sasa, alasiri, haijachoka. Bati linapiga kelele hadi redio nimeizima. Hapa Njisi kila mtu analalamika, mpunga wa bondeni umeanza kulala, na nadhani ni mimi peke yangu ninayeomba isikatike. Inyeshe tu. Ikinyesha, baba mkwe haendi mtoni kuoga.

Haya nayaandika pembeni kwanza. Yakionekana kwenye blogu, ujue nilipata ujasiri.

Wanaonisoma hapa wananijua kwa ndege. Nafundisha shule ya msingi, na nikitoka shuleni nabeba kamera yangu ya mtumba na lenzi yake ndefu, naingia kwenye shamba la kokoa kando ya mto Songwe, nakaa kimya nikingoja mdiria au furukombe. Mnajua pia kwamba picha zangu nazipika kwenye kompyuta, sijawahi kuficha. Chupa ya plastiki miguuni pa yangeyange naifuta. Waya wa umeme naufuta. Anga la kijivu nalitia bluu kidogo. Kuna msomaji aliwahi kuandika kwamba ndege wa Kyela wanaishi peponi, nikafurahi wiki nzima.

Sasa ufundi huo huo umenikaba koo.

Kwa wasiotoka huku, nieleze jambo moja. Kwetu Wanyakyusa mkamwana, yaani mke wa mtoto, hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, hata jina lake halitaji. Mjini wengi wameshaacha, wanakaa na wakwe zao meza moja wanakula chipsi. Kwetu bado. Kanisani nakaa nyuma ya nguzo ili asinione na mimi nisimwone. Nyumba zetu zimetenganishwa na migomba, na njia yake ya kwenda mtoni inapita nyuma ya jiko langu. Akifika kwenye migomba anakohoa, mimi naingia nyuma ya mlango, anapita. Akirudi anakohoa tena. Hiyo ndiyo salamu yetu tangu niolewe, na kusema kweli nimeipenda. Kikohozi kile kina heshima kuliko shikamoo nyingi ninazopewa.

Juzi Jumanne nilikuwa kwenye kokoa. Mto ulikuwa umejaa, maji ya udongo. Furukombe akaruka kutoka kwenye mti wa ng'ambo, akashuka kuelekea majini, nami nikamfuata na lenzi huku kidole kikibonyeza bila kupumzika. Furukombe akatoka kwenye fremu, akaingia mtu.

Baba mkwe. Yuko majini hadi kiunoni, amenipa mgongo, anaoga; hakuna mwingine anayeoga upande ule.

Nilishusha kamera na kukimbia. Sikujua kwamba eneo lake la kuogea linaonekana kutoka pale. Siku zote nilidhani liko nyuma ya kona ya mto. Nilifika nyumbani nahema, nikakaa jikoni mpaka nikasikia kikohozi chake cha kurudi. Ndipo nikawasha kompyuta niitafute picha ile niiondoe, isiwepo kabisa duniani.

Kabla sijaiondoa nikaona gogo nyuma yake. Mazoea ya mkono ni mabaya. Nikalikuza lile gogo.

Lilikuwa na macho.

Mamba, na hayuko mbali na mgongo wa baba kuzidi urefu wa mtumbwi. Mto ukijaa hivi wanapanda kutoka ziwani, kila mtu anajua, lakini hawajawahi kufika kwetu. Na baba wa watu amejaza povu la sabuni kichwani, nina hakika macho ameyafumba.

Mtu mwenye akili timamu angemwita mumewe pale pale na kumwonyesha. Mimi nilifungua programu ya kuhariri. Niliwaza hivi: nikionyesha picha hii, nimekiri kwamba nilimtazama baba mkwe akiwa anaoga, tena kwa lenzi ndefu, tena nikampiga picha. Nani ataniamini nikisema nilikuwa namfuata furukombe? Maneno yatafika kwa wazee wa ukoo, na yeye mwenyewe atajua kwamba nimemwona. Afadhali nimwondoe yeye, abaki mamba peke yake. Onyo litakuwa limefika na heshima itakuwa imebaki.

Nikamfuta. Nilianza na kichwa, nikashuka mabegani, nikaja mgongoni. Pale alipokuwa amesimama nikanakili maji ya pembeni, na penye mkono wake nikanakili matete. Nilifanya haraka.

Baba Neema, mume wangu, anafanya kazi kwa wakala wa forodha pale mpakani Kasumulu. Aliporudi jioni nikampa simu. Akaitazama, akaikuza kwa vidole viwili, akaanza kucheka.

"Mama Neema, haya matete mbona mapacha?"

Kweli. Fungu moja la matete nilikuwa nimelibandika mara mbili, na lile jani lililovunjika limevunjika vile vile kotekote.

"Huyu mamba umemtoa wapi?"

Nikamwambia nimemwona kwa macho yangu, mtoni kwetu. Akaniuliza kama nilikuwa nimesimama pale nikamwona au nilimkuta kwenye picha. Nikageukia sufuria, maana jibu la kweli lilikuwa hilo la pili. Na kama ningesema nilimwona nyuma ya baba, swali ambalo lingefuata ni mimi nilikuwa natazama nini.

Akairusha kwenye kundi la ukoo. Shemeji yangu wa Mbeya akazungushia matete yale duara jekundu, watu wakaangua vicheko. Asubuhi yake mama mkwe alikuja kuchukua moto, nikamsihi amwambie baba asiende mtoni, aoge nyumbani, mimi nitamchotea maji kisimani na kumwekea. Akanipigapiga begani.

"Gwe mwanangu, baba yenu anaoga pale tangu hajanioa. Mamba gani asiyemjua?"

Ujumbe aliufikisha, kwa sababu mchana alirudi na jibu. Baba anasema, "Mwambieni mkamwana aniongezee na kiboko."

Tulicheka wote. Nilicheka na mimi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jana jioni akapita. Nikasikia kikohozi, nikaingia nyuma ya mlango, na sikutoka tena. Nilisimama pale na mwiko mkononi, ndizi zinaungua jikoni, nasikiliza. Niliomba sala ambazo sikumbuki nilizianzaje. Aliporudi na kukohoa nilikaa chini sakafuni nikalia, kisha nikazikwangua ndizi zilizoungua nikaenda kulala bila kula.

Leo nimempigia Baba Neema. Nilitaka kumwambia yote. Nikaanza na neno mamba, akanikatisha.

"Acha mambo yako, nipo na mteja."

Simu ikakatwa. Neema yuko Mbeya kwa shangazi yake anasoma, wa kumtuma sina. Baba mkwe simu hana, ya nyumba, kitochi kisichopokea picha, anatembea nayo mama, na hata angekuwa nayo sijawahi kumpigia, sijui ningeanzaje. Mama mwenyewe alikwenda Makwale jana jioni kumwona dada yake mgonjwa na mvua imemzuia huko huko.

Nimeamua kumwonyesha mama picha halisi. Ni mke wake, ana haki ya kuuona mgongo ule. Sijui kwa nini sikuliwaza hili Jumanne. Au nalijua. Mama mkwe ndiye rafiki yangu wa kwanza katika nyumba hii, aliyenifundisha kupika kama wanavyopenda wao, aliyenikinga na maneno ya wifi zangu. Nilimwogopa yeye kuliko wazee wa ukoo. Niliogopa asije akaanza kunitazama kwa jicho jingine. Basi, na anitazame. Akirudi tu namwonyesha, kabla hajavua viatu.

Ila arudi kabla mvua haijakatika.

Nimezifungua picha zote mbili sasa hivi, nimeziweka sambamba. Hii halisi ni mbaya, imeinama, ina ukungu pembeni, kuna mfuko wa plastiki umenasa kwenye matete. Baba yumo na mamba yumo. Hii niliyoitengeneza ni safi. Maji yametulia, mfuko hakuna, na pale alipokuwa amesimama mtu hakuna mtu. Amebaki mamba.

Nimeitazama kwa muda mrefu. Ndicho ninachokiogopa tangu Jumanne, nami nimeshakipiga picha, tena kimetumwa kwa ukoo mzima wakacheka.



Nimekwenda dirishani. Upande wa ziwani kumeanza kung'aa. Kelele ya bati imepungua, ni matone tu ya migomba yanayoanguka. Mungu, kidogo tu tena. Hadi mama afike. Nimechungulia barabarani, hakuna bodaboda wala mtu.

Imekatika.

Labda leo hataoga. Labda atasema kumeshakuwa baridi. Nimerudi kukaa, naandika ili mikono iwe na kazi. Najiuliza nikisimama njiani nitasema nini. Shikamoo baba? Sijawahi kumwamkia. Sijui hata anaonekanaje kwa mbele. Ninachokijua vizuri ni mgongo, na mgongo wenyewe nimeujua Jumanne. Je, akigeuka akaondoka kwa aibu kabla sijafungua mdomo? Je, nikimwita, nimwite nani?

Kikohozi.

Kile pale, kwenye migomba. Anasubiri kidogo kama kawaida yake, nipate nafasi ya kuingia nyuma ya mlango. Kompyuta naibeba hivi ilivyo, na picha mbaya iko wazi.

Leo sijifichi.