Matone ya Tép

Jumamosi, 21 Oktoba 2023

Mzigo wa Khởi umefika. Binamu yangu huyu anapaka watu rangi ya kucha Ujerumani, na rafiki yake ndiye aliyeubeba kwenye begi hadi Saigon, halafu basi likauleta huku Bình Dương. Chokoleti, mafuta ya kuchua mgongo wa mama mkwe, na chupa ya vitamini D ya mwanangu mchanga, Tép. Chupa ndogo tu, kama kidole changu. Mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili. Alisema kitu kilichobebwa kwa mkono kutoka ng'ambo si kama cha dukani, hata harufu yake ni tofauti. Nimenusa. Haina harufu.

Imekuja wakati wake. Ile tuliyopewa kliniki Tép alipozaliwa ilikwisha jana. Nesi alisema mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake apewe vitamini hii kila siku, kwa sababu kwenye maziwa ni kidogo, na jua halioni. Kweli halioni. Chumba chetu cha kupanga kinatazamana na ukuta wa kiwanda, na mama mkwe amepigilia blanketi dirishani, upepo usimwingie mzazi. Lụa hatoki hadi mwezi uishe. Kofia, soksi, pamba masikioni, makaa chini ya kitanda. Mke wangu analowa jasho kuliko mimi kazini.

Khởi aliandika meseji ndefu kuhusu chupa. Ilinikuta kwenye foleni ya kuingia zamu. Mimi nasoma polepole, shule niliacha darasa la saba, na Khởi akiandika ni kama anahutubia mkutano. Nikamrudishia kidole gumba.

Jioni nimempa Tép kimrija kimoja kizima, kama nesi alivyotuonyesha. Kimrija hicho cha kudondoshea ni kile cha chupa ya zamani, hii mpya haina chake. Alilamba midomo.

Hii ndiyo kazi yangu humu ndani. Kunyonyesha siwezi. Kumwogesha sishirikishwi — mama mkwe anasema mikono yangu ina vumbi la mbao. Lakini vitamini ni yangu.

Jumatano, 25 Oktoba

Ovataimu siku ya tatu. Miguu ya viti, msasa, miguu ya viti. Nikipenga kamasi unatoka unga wa mbao.

Vitamini nampa alfajiri kabla sijatoka. Sijaruka hata siku moja. Lụa anasema leo Tép amenyonya mara chache, amelala tu. Mama mkwe anasema mtoto mpole, amefuata ukoo wao, si wetu wa kelele wa Nghệ An.

Jumapili, 29 Oktoba

Tép anatapika. Choo hajapata siku ya nne.

Mama mkwe alivuta kigoda hadi kitandani akaanza kumhoji Lụa amekula nini. Anachoruhusiwa kinajulikana: wali na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi na pilipili manga, asubuhi na jioni. Hakuna mboga mbichi. Hakuna cha baridi. Lụa akakana. Akakana tena. Halafu akaanza kulia. Jumatatu alikunywa juisi ya muwa yenye barafu. Glasi moja.

Ile glasi nilileta mimi. Aliniomba siku tatu mfululizo, na mama mkwe alikuwa sokoni.

"Umekunywa baridi, maziwa yakawa ya baridi, mtoto kapata baridi tumboni," mama mkwe alisema. "Sasa unalia nini? Wa kulia ni yeye, na hata nguvu za kulia hana."

Nikasema niliyenunua ni mimi. Akanitazama, akasema mwanamume hajui mambo haya, mwanamke ndiye aliyepaswa kukataa.

Nilifarijika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano, 1 Novemba

Tép ametimiza mwezi. Mama mkwe alikuwa jikoni tangu asubuhi. Mabakuli kumi na mawili ya uji mtamu, sahani kumi na mbili za wali wa kunata, kwa wale wakunga kumi na wawili wa mbinguni waliomfinyanga mtoto pua, macho, vidole. Aliwasha udi, akawaomba wamsamehe mjukuu wake maziwa ya mama mzembe. Alisema hivyo kwa sauti. Lụa alikuwa amepiga magoti nyuma yake, kichwa chini.

Mimi nilimshika Tép. Ni mwepesi. Mwepesi kuliko siku tuliyomleta nyumbani, au labda mikono yangu imezoea mbao.

Alfajiri nilimpa kimrija kama kawaida. Nikamwongezea kidogo, kwa kuwa ni siku yake.

Alhamisi, 2 Novemba

Alfajiri nimempa, na chupa imebaki na unyevunyevu tu. Wakati wa chakula cha mchana nilimpigia Khởi, kwao ndiyo kwanza kunakucha, nikamwomba atume nyingine.

Alicheka. "Kaka, unaioshea vyombo? Ile ni ya mpaka mtoto atembee."

Nikasema labda imevuja. Akauliza nampa kiasi gani. Nikasema kiasi kile ulichoandika, nikakata simu.

Nilikwenda nyuma ya rundo la mbao nikaitafuta meseji yake. Nikaisoma kwa kidole, neno baada ya neno. Kaka, hii ni kali, si kama za huko kwetu. Tone moja tu kwa siku. Usitumie kimrija. Geuza chupa, lidondoke moja, basi, funga.

Chini yake kidole gumba changu.

Jioni nilijifungia bafuni na kile kimrija, nikakijaza maji. Nikahesabu matone. Thelathini. Nikajaza tena, nikabonyeza polepole, kama vile nikibonyeza polepole yatapungua. Thelathini na moja.

Nimewaambia vitamini imekwisha. Hilo tu. Si uongo. Chupa na kimrija viko mfukoni mwa shati langu la kazi. Sitampa tena. Itatoka yenyewe, kwenye mkojo.

Ijumaa, 3 Novemba

Haijatoka.

Mama mkwe amenunua maziwa ya kopo. Ameamua maziwa ya Lụa yakamuliwe yamwagwe hadi baridi imtoke. Lụa anakamua kwenye bakuli huku anauma kitambaa, matiti yamejaa, yanamuuma. Akanipa bakuli nikamwage.

Nikamwaga. Yalikuwa ya moto bado.

Niliporudi akaniuliza kama namchukia. Nikasema hapana.

"Basi mbona hunitazami, baba Tép?"

Nikasema nimechoka. Nikachukua kofia nikaenda zamu. Saa nane nzima nilipiga msasa, na mara tatu msimamizi aliniambia nimekula mbao kupita mstari.

Maziwa ya kopo pia ameyatapika. Niliporudi nikasema kesho hospitali. Ilikuwa rahisi kusema hospitali. Neno jingine ndilo halikutoka.

Jumamosi, 4 Novemba

Hospitali ya mkoa, wodi ya watoto, ghorofa ya tatu. Tép ana dripu mguuni. Hakulia sindano ilipoingia.

Daktari ni mwanamke, kijana, hana haraka. Aliuliza mtoto anapewa nini. Mama mkwe akaanza na juisi ya muwa. Daktari akamngoja amalize, akauliza tena: dawa yoyote? Chochote? Lụa akasema hakuna, vitamini tu, baba yake ndiye anampa, kipimo kile kile alichotuonyesha nesi. Wote wakanigeukia.

Nikasema, "Ndiyo. Kile kile."

Saa saba majibu ya damu yakaja. Kalsiamu imepanda mno, na ikiendelea hivyo itaumiza figo. Daktari anataka aone kila chupa iliyoko nyumbani, anataka kujua ni kiasi gani na kwa siku ngapi. Lụa akaniambia, "Nenda baba Tép, waone wenyewe. Wasije wakatafuta kosa pasipo na kosa."

Nikashuka ngazi kama mtu anayekwenda nyumbani. Chupa ilikuwa mfukoni. Nilikaa kwenye maegesho katikati ya pikipiki za watu, saa nzima, mtoto wangu juu, daktari anasubiri. Saa nzima. Kwa lipi? Hakuna hata nililokuwa nafikiria.

Halafu nikachana karatasi ya nyuma ya daftari hili. Nikaandika kwa herufi kubwa, kama za darasa la pili, ili nisilazimike kusema: Kimrija kizima. Matone thelathini. Kila siku. Siku kumi na tatu. Siku ya mwezi niliongeza. Mimi baba.

Nesi wa zamu alipokea karatasi na chupa. Akasoma amesimama. Hakunigombeza — afadhali angenigombeza. Akauliza kama mama wa mtoto anajua. Nikatikisa kichwa. Akasema hii nampelekea daktari sasa hivi, wewe ingia umwambie mkeo kabla daktari hajaja kumwambia yeye.

Nikafika mlangoni. Mama mkwe amesinzia kwenye kiti. Lụa ameinama juu ya kitanda cha Tép, mkono mmoja chini ya kichwa cha mtoto, kifua amekifunga kwa kitambaa, na anazungumza na mtoto kwa sauti ya chini. Anamwomba msamaha. Anamwambia mama hatarudia, hata maji ya bomba hatakunywa bila kuchemsha, hatarudia tena.

Nimerudi kwenye benchi la nje. Naandika haya ili mkono uwe na kazi. Daktari ametoka ofisini kwake, ana karatasi yangu, anazungumza na nesi kule mwisho wa korido.

Lụa ameniona kwa mlango. Amefurahi kwamba nimerudi upesi. Ananiita niingie nimshike Tép kidogo, mkono wake umekufa ganzi.